Nilichokishika Chini ya Kanzu ya Mgeni

Kabla hamjanicheka nijiseme mwenyewe: mimi ndiye yule dereva wa mji wa Ibra, huku Omani, mliyesikia habari zake, aliyempapasa mgeni tumboni siku ya posa, mbele ya wazee sita na fimbo zao, halua ikiwa haijaliwa hata robo. Nasikia Nizwa wanasema nilimkaba roho, Sur wanasema nilimvua kanzu. Uongo. Kanzu sikumvua, na ningemvua kanzu tu leo ningekuwa nasimulia huku nacheka na nyinyi, lakini nilichofanya ni kibaya zaidi, na sijui (hili neno "sijui" lishikeni, tutalirudia) kama kuna sabuni ya kukiosha.

Naitwa Shebe, mtoto wa Tanga, Pongwe, darasa la saba nimelimaliza kwa kuchungulia daftari la jirani, na huku Omani naendesha gari ya familia moja ya Waarabu wa Unguja, wale ambao Kiswahili chao cha ndani kinakutia haya wewe uliyezaliwa nacho. Mkubwa wa nyumba ni Bibi Zuwena, ana meno manne na anakumbuka kila kitu. Mjukuu wake ni dada Rayya, yuko maabara ya hospitali, baba yake ni marehemu, na alisoma Marekani miaka minne, na huko ndiko alikompata Yahya.

Yahya ni Mmarekani mweusi, Mwislamu wa kuzaliwa (aliyesilimu ni baba yake), mwalimu wa sayansi, na miaka miwili amekaa kwenye simu akifundishwa Kiswahili na dada Rayya, mie nipo mbele naendesha, wao nyuma wanasema "ki-vi, u-i", nakaribia kulia kwa kucheka. Ila mwenye kauli ya kumuoza dada Rayya ni ami yake, Ami Nassor wa Sur, na Ami Nassor miaka miwili yote amesema hapana, binti wa ndugu yangu haendi kuozwa ng'ambo, mpaka Ramadhani iliyopita akalegea. Akasema basi, aje, nimuone mara moja. Mnaelewa? Mara moja. Dada Rayya alikuwa na siku moja tu ya kupata alichokitaka, na siku hiyo dereva alikuwa mimi.

Sasa mkasa haukuanza siku hiyo, ulianza Jumatano yake, baada ya alasiri, nimempelekea Bibi kahawa yake uani, nageuka niondoke, akaniita.

"Shebe, we si ndo unayetazama dunia nzima kwenye simu. Hebu n'ambie, huko Marekani watu wanatembea na bunduki kweli, au maneno ya televisheni tu?"

Jamani, neno moja lingeniokoa. Sijui. Silabi tatu. Darasa la saba unaruhusiwa kabisa kusema sijui, hakuna atakayekushangaa. Mie nikavuta kiti.

Nikamwambia Bibi, kule si siri, ni sheria. Mtu anachomeka bastola kiunoni, anashusha shati juu yake, anakwenda dukani kununua maziwa, anasimama kwenye foleni nyuma yako, wala hujui, na polisi akijua anamwambia siku njema. Hapo sikuwa nimedanganya sana, nilishaona video nyingi za watu kule wanaonyesha wanavyovaa, sehemu nyingine wanahitaji kibali, sehemu nyingine hata hicho kibali hawaulizwi. Lakini mimi nikiishia kwenye ukweli huwa naona kama chai haina sukari, basi nikakoroga. Nikasema, kila mmoja, Bibi. Muuza mikate, mwalimu, kila mmoja.

"Hata wanawake?"

"Wanawake wanaweka kwenye mkoba, Bibi, pamoja na wanja."

Nikangoja acheke. Hakucheka. Alikiweka kikombe chini polepole, akanisimulia kitu ambacho miaka mitatu nimekaa nyumba ile sijawahi kukisikia, kwamba mwaka wa mapinduzi alikuwa na miaka saba, nyumba yao ipo Malindi, wakaingia watu wawili wamevaa makoti, na joto lile la Unguja nani anavaa koti, wakaamkia vizuri, wakafungua makoti, wakatoka na kaka yake mkubwa. Viatu vya kaka yake vilibaki mlangoni. Mama yake hakutaka viondolewe.

"Hapa siku za harusi wanaume wanacheza na bunduki," akasema, "wanazirusha juu wanazidaka, mimi hujifungia chumbani na mto masikioni. Lakini zile naziona. Na jambia liko mbele ya tumbo, mkubwa kwa mdogo analiona. Ya kufichwa, mwanangu, ndiyo inayokuja kuchukua mtu." Akanishika mkono. "Rayya hataki kunisikia kwenye hili. Mtu asiniingilie na bunduki ndani ya nyumba yangu, Shebe. N'ahidi."

Hapo palikuwa na mlango wa pili wa kutokea. Ningesema, Bibi, ile "kila mmoja" nimeitia mimi, wengi hawabebi, na hata mwenye kubeba hawezi kupita nayo kwenye ndege akashuka nayo Maskati kama mswaki. Lakini ningeonekana muongo, na mimi napenda nionekane mcheshi, muongo hapana. Nikasema naahidi, Bibi.

Ijumaa asubuhi, siku yenyewe ya posa, nikatumwa kumfuata Yahya. Alikuwa amefikia kwa rafiki yake, mwalimu mwenzake, anayepanga Firq, karibu na Nizwa, huko kwenye magereji. Akatoka, mrefu, mpole, kanzu nyeupe mpya aliyoshonewa na dada Rayya imemkaa sawasawa, akanisalimia "Shikamoo Shebe" (mimi, mdogo kuliko yeye, nikaitikia marahaba bila aibu). Mkononi ana kibegi cheusi kidogo. Nikataka kumpokea, akakivuta. "Hapana, asante. Hiki mimi." Nikajisemea, ahaa.

Akaomba tupite soko la Nizwa aone mbuzi wanavyonadiwa. Tukapita. Sasa mnalijua lile soko la Ijumaa, ukivuka mbuzi unakuta wazee wamejipanga na bunduki za kale, nyingine zimefungwa nyaya, wanatembea nazo begani wananadi kama wanauza muwa. Mzee mmoja akageuka ghafla, mtutu ukamwelekea Yahya kitovuni. Yule bwana alirudi nyuma hatua tatu, akanikanyaga, jasho limemjaa usoni, na mkono wake umekwenda upande wa kushoto wa tumbo, ukakaa hapohapo. Nimeona video nyingi mimi. Mkono unakwenda hapo ukitaka kutoa. Nikajisemea, ahaa mara ya pili.

Tukasimama Izki kwa sala ya Ijumaa. Aliingia chooni na kibegi chake akakaa mpaka khutba imeanza, mie nje najiuliza anatia udhu au anatia risasi. Tukasali bega kwa bega. Kila tukisujudu anashuka taratibu, mkono mmoja umeshikilia ubavu, kama mtu aliyebeba yai, na mimi (Mungu anisamehe) ile sala yote sikusoma hata aya moja sawasawa, nilikuwa nahesabu tukisujudu tena itafyatuka ielekee upande gani.

Njiani kuja Ibra ningemuuliza. Saa nzima na zaidi tuko wawili, ningesema kaka, hapo kiunoni una nini. Nilimuuliza kama anapenda mpira.

Posa yenyewe saa kumi, baada ya alasiri. Majlisi ya wanaume imejaa udi, wazee sita wa mtaani wameegemea mito, Ami Nassor kakaa katikati na ndevu zake zimechanwa, na chumba cha wanawake kiko hapo pembeni, mlango umeachwa wazi kidogo na pazia, nyuma ya pazia Bibi na dada Rayya. Mie nagawa kahawa. Na nawaambieni ukweli, yule kijana alipendwa. Alipoulizwa jina la baba akalisema kwa Kiarabu, akaulizwa la babu akasema kwa Kiswahili "babu yangu alikuwa fundi wa mabomba, aliimba kanisani, sauti mbaya," wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Ami Nassor mwenyewe, mtu ambaye hacheki mpaka mshahara uingie, nilimwona anakunja midomo kwa ndani. Nyuma ya pazia nikasikia dada Rayya amevuta pumzi, moja ndefu, kama mtu aliyetua ndoo.

Halafu Ami akaniambia, "Shebe, kalete hanjari ya marehemu."

Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Hanjari ya baba yake Rayya, jambia la fedha na mshipi wake, haijavaliwa tangu azikwe. Ami akimfunga nayo mgeni, khalas, amekubali, hakuna tena neno. Na kazi ya kukaza mshipi ni yangu, kwa sababu ule mshipi unakazwa kwa nguvu, sawasawa juu ya kitovu, mzee hawezi, na mimi ndiye ninayemfunga Ami kila Idi.

Nikaileta kwenye sinia. Yahya akasimama, anatabasamu, mpaka alipouona ule mshipi nauzungusha. Akarudi nyuma. Mkono, ubavuni.

"Samahani, Ami," akasema. "Naomba niishike kwa mkono. Kiunoni hapana."

Ami akasema taratibu, "Hii ni ya ndugu yangu."

"Najua, Ami. Heshima kubwa. Naomba baadaye tuzungumze, mimi na wewe tu. Baadaye nitavaa."

Ami alikuwa hajakasirika bado, wallahi, alikuwa anamtazama tu, anapima. Angempa ile "baadaye". Nina hakika angempa. Lakini mimi nikatazama pazia, nikaona jicho moja la Bibi, halimtazami mgeni, linanitazama mimi. Na kwa akili yangu hii ya kuchungulia kwa jirani, kila kitu kikaungana: kibegi, soko, sujudu, na sasa mtu anakataa mshipi kwa sababu mshipi utakutana na kitu. Nikaona nimeahidi. Na nikaona pia (hili sijawahi kumwambia mtu) jinsi watakavyonishukuru.

Nikamwendea na mshipi kama namsaidia, nikasema usione haya kaka, inakaa vizuri hii, nikamzungushia mkono, na pale kushoto, chini ya kanzu, nikakigusa. Duara. Gumu. Nikalikamata juu ya kitambaa.

"Ami, anayo bastola," nikasema. "Nimeishika."

Wazee wakainuka, birika la kahawa likaenda kwenye zulia, mmoja kanyanyua fimbo hajui ampige nani. Yahya akanishika kifundo cha mkono. Hakunipinda, hakunisukuma, alinishika tu, na akasema kwa sauti ndogo, "Acha, Shebe. Tafadhali, acha." Mtu mwenye bastola habembelezi. Sasa najua. Wakati ule nilivuta kwa nguvu zote za mtu anayengoja kupigiwa makofi, na kitu kikaachia, kikalia kidogo tu, kama mfuniko wa deli la plastiki.

Haikuwa bastola.

Sitaki kueleza sana. Ulikuwa mfuko. Mfuko wa haja, ule wanaofungwa watu waliokatwa utumbo, na ile duara ni pete yake ya plastiki. Kanzu ile nyeupe ya dada Rayya ikaanza kubadilika rangi kuanzia ubavuni kwenda chini, polepole, na udi ulikuwa unafuka, udi wa bei, lakini ulishindwa. Mimi bado nimeshika. Mkono haukuwa unasikia nikiuambia uachie.

"Samahani," akasema Yahya. Yeye! Anawaomba radhi wazee, mmoja mmoja, kwa macho. "Samahani. Samahani sana."

Ami akamshika bega akampeleka msalani, akanifinya shingo akaniambia lete begi. Nikalifungua mlangoni. Hakuna risasi. Kuna mifuko mipya imekunjwa vizuri, makasi madogo, vitambaa, kopo la dawa, chupi safi imekunjwa kama ya mtoto anayekwenda chekechea. Yeye ndani anaomba vitu kwa Kiingereza, mie sijui majina, namnyooshea kimoja kimoja kwenye upenyo wa mlango, ananiambia hapana, kile, hapana, kile kingine. Na chini kabisa kulikuwa na karatasi. Mwandiko wa dada Rayya, naujua, ndiye anayeniandikia orodha za sokoni. Imeandikwa: "Ami, kabla hujanipa mtoto wa ndugu yako, kuna jambo la mwili wangu nataka ulisikie kwangu mwenyewe." Chini yake, kwa mwandiko mwingine wa kuparamia, maneno hayohayo yameandikwa tena na tena, kama mtoto anayefanya imla.

Nikampa Ami. Akaisoma pale koridoni. Halafu Yahya akaanza kumweleza kupitia mlango, kwa Kiingereza, na Ami, sijui kwa nini, akawa anarudia kwa Kiswahili chini kwa chini, kama anaitafsiri kwa ukuta. Yahya alikuwa dukani, kwao Marekani, anangoja kulipa. Mbele yake mtu anayemfahamu, mtu mwema, baba wa watoto wa shule anayofundisha. Ana bastola ya kihalali kiunoni, chini ya shati, kama wengi wa pale, anaibeba kila siku ili alinde watu wake. Akaangusha viazi. Akainama kuviokota. Bastola ikachomoka, ikagonga sakafu, ikalia mara moja. Yahya anasema mwenye bastola alilia kuliko yeye, alilala naye pale chini kamfunika kwa mikono mpaka gari ya hospitali ikafika, na mpaka leo wanapigiana simu sikukuu. Yeye Yahya hajawahi kumiliki bunduki. Hataki hata kuishika.

Nilikuwa nimekaa chini wakati huo, mgongo ukutani. Niliitafuta bunduki siku nzima, kumbe ilishapita zamani, mimi nimeshika ilichokiacha.

Wazee walikuwa wameondoka bila kuaga, na hapa mtu kuondoka bila kuaga ni hukumu. Ami akarudi majlisini, akamwita dada Rayya, na mimi nikisugua lile zulia nikamsikia anamwambia, si kwa hasira, bora ingekuwa kwa hasira. Alikuwa na ile karatasi mkononi.

"Ningeliisoma hii saa moja kabla, nikiwa peke yangu na yeye, ningelimfunga hanjari juu ya mfuko wake. Wallahi, Rayya. Lakini sasa Ibra nzima inajua kabla yangu. Kesho wataniuliza, ulijua? Nikisema nilijua nimesema uongo, nikisema sikujua nimekuoza kwa mtu aliyenificha."

"Hakukuficha, Ami. Alikuwa anajizoeza."

"Najua," akasema Ami. "Nimeona."

Akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Hanjari akairudisha mwenyewe chumbani. Jibu lilikuwa ni hilo, na miezi saba sasa halijabadilika, na dada Rayya si mtu wa kuolewa kwa kukimbia, anasema kitu kikitolewa na ami kiwe ni kwa mkono wa ami.

Bibi nilimkuta uani, kahawa yake imepoa. Nikapiga magoti. Nikamwambia Bibi, ile "kila mmoja" niliitia mimi.

"Viatu vyake viko mlangoni," akasema. "Mpelekee. Mgeni asitoke peku nyumbani kwangu."

Kesho yake nikampeleka uwanja wa ndege, Maskati. Amevaa shati na suruali, kibegi mapajani. Mpaka tunakaribia kufika hakuna aliyefungua mdomo, mimi mdomo huu ambao haujawahi kufunga hata usingizini. Mwisho nikasema kaka, mimi ni mjinga, na yeye akaangalia nje, akapanga maneno yake moja moja kama anayepanga vyombo vya watu.

"Wewe uliogopa. Mimi pia. Nyumbani, kila duka, naangalia viuno vya watu. Kila siku. Kama wewe."

Nikamuuliza kile ambacho nilipaswa kumuuliza kabla sijamjibu Bibi, nikamwambia kwani kaka, wako wengi wanaobeba? Ni kila mmoja kweli?

Akafikiri. Mtu aliyezaliwa kule, akakulia kule, akapigwa kule.

"Sijui," akasema. "Wamezificha. Siwezi kujua."

Pale mlango wa abiria nikamshushia sanduku, nikampa mkono, akaupita mkono akanikumbatia. Mzima mzima, kifua kwa kifua, kama ndugu. Na mimi nimesimama pale, watu wanapita na mikokoteni, mikono yangu iko hewani kama mtu aliyeamriwa ainyooshe juu, sijui niiweke wapi, kila mahali nilipofikiria kuiweka paliniuma. Akaondoka hivyohivyo, sijamshika.

Kazi sijafukuzwa, msiniulize kwa nini, nadhani ndiyo adhabu yenyewe. Kila asubuhi nampeleka dada Rayya hospitali. Anakaa nyuma, simu yake iko mkobani, hakuna tena ki-vi wala u-i, anasema sabalkheri tunapoondoka na shukran tunapofika, na katikati ni barabara tu. Bibi bado ananiuliza mambo ya dunia, mzee wa watu hana mwingine wa kumuuliza, ati Shebe, baridi ya Marekani inaua, ati Shebe, mtu mwenye mfuko ule anaishi miaka mingi? Na jibu nimeliona kwenye simu, na jingine ninalo la kutia sukari, liko hapa kwenye ncha ya ulimi.

Nimeapa kwa Mungu silitoi. Nasimama na birika mkononi, nasema sijui, Bibi, kisha nakwenda jikoni kuosha vikombe.